Siku Tulificha Kitanda ya Mutoto

Hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi mu Malawi, bantu bakisikia kesho kuko wageni ba kupima umasikini, bintu yote mu nyumba inaanza kutembea. Matela, njo godoro, inatoka kwangu inaenda kulala kwa jirani. Kuku zinahamia kwa pasta. Radio inaingia mu gunia ya mihogo. Mi nilikuwa mwalimu wa ile kazi. Bamama balikuwa banakuya kuniuliza, koko, niache sufuria gani? Ninabaambia acha ile yenye tundu. Blok yetu ilikuwa na sufuria moja ya tundu, hatukuitupaka, ilikuwa inazunguka kwa kila muntu mwenye kungoya wageni. We cheka tu. Bale bantu ba kupima banapita mbio mbio, wakikuta uko na matela mbili banakuona tajiri, jina inatoka ku liste ya chakula, na habaulizi ile matela uliipata namna gani. Njo vile tulijifunza kuficha. Hata mutoto mudogo hapa, ukimuambia wageni banakuya, anakamata kiti yake anaenda nayo kwa jirani.

Basi, hii ni habari ya ile siku tulificha vizuri sana, mpaka kidogo tu tukose mutoto.

Binti yangu wa mwisho alizalia Lilongwe, ku lopitali kubwa. Mutoto mwanamuke, muzuri, nywele mingi utazani alikuwa anasukwa mule ndani ya tumbo. Kisha kuzala, kichwa ya mama yake ikachoka. Halali, hakuli, anaongea na ukuta. Bakimuletea mutoto anageuza uso. Bamunganga bakasema ni ugonjwa yenye inakamataka bamama bamoja kisha kuzala, itapona, lakini inaomba wakati. Bakamulaza kule kwa bale ba mambo ya kichwa. Na mi ile wakati nilikuwa chini na malaria hapa Dzaleka, hata kusimama nashikilia ukuta. Mutoto akakosa muntu wa kumupokea. Bakamupeleka ku nyumba moja ya kulea batoto bachanga, upande wa Area 25.

Nilipona, nikaenda kumuona. Banalea vizuri, sitasema uongo. Lakini nikisema nimubebe, banasema hapana, agogo, kwanza serikali ione kule anaenda. Agogo njo koko, nyanya, mu Chichewa. Nikarudi na mugongo mutupu. Binti yangu naye akatoka lopitali na dawa zake, akakuya kwangu, akakaa pa mulango. Anakaa asubui, anakaa mangaribi. Haulizi mutoto. Ukimuuliza unawaza nini, anasema hakuna. Mi nikaona wazi: kama ile mutoto atabakia kule, hata mama yake atabakia hapa pa mulango, sitampata tena.

Sasa kuko papa moja wa Bukavu anakaa nyuma yetu, mutafsiri. Alisoma, anavaa tai hata kama anaenda kuteka maji, na kila siku ya Mungu kisha ibada anakula sombe kwangu. Siku moja akakuya na sura ya furaha, akasema: mama, kesho asistante wa serikali anakuya kuona nyumba, juu ya ile mutoto. Akaongea mingi. Asema serikali ya Malawi ilitenga feza kusudi batoto basikae mu nyumba zile kama beko na jamaa yao, asema hata sisi bakimbizi tumeingia. Aliongea vizuri sana. Lakini mi nilishika ile ya kwanza tu: anakuya kuona nyumba. Nikaanza kuwaza matela itapita njia gani.

Jirani yangu, mama wa Fizi, anashona nguo, mudomo yake inashona kupita mashini. Mangaribi ile tukahamisha kila kintu kwake. Matela, mabasani, unga, radio. Kuku tukapeleka kwa pasta. Kukabakia kitanda ya mutoto. Ile kitanda, usiniulize! Fundi wa mbao aliitengeneza na vikuta vidogo huku na huku, nikaweka neti ya mbu na bulangeti ya rangi ya roze. Ilikuwa imesimama pale miezi yote inangoya.

Jirani akaniuliza, “Na hii, koko?”

“Hiyo ficha ya kwanza. Bakiiona batasema huyu muzee ana feza mpaka anatengenezea kitanda muntu hajafika.”

Binti yangu alikuwa pa mulango, ikabidi tumuombe asogee ndipo kitanda ipite. Akaangalia ile kitanda inaenda.

Asubui asistante akafika. Mi nilikuwa nangoya mama munene mwenye bantu ba biro yake banamufuata nyuma. Leta ya kwetu, serikali, mi ninaijua. Kwetu muntu wa Leta anakuya na sauti, anakuuliza karatasi, na ukiwa na karatasi anauliza ingine. Huyu alikuwa mwembamba, vumbi mpaka ku magoti, alikuya na kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu. Na kuniona tu, akapiga magoti chini, kunisalimia. Muntu wa Leta! Mi nikataka kumuinua, mutafsiri akanikataza, asema njo heshima yao kwa muzee. Nikabakia nimesimama pale, sijue nifanye nini na mikono yangu. Katika maisha yangu yote ni mi nilikuwa nainama mbele ya serikali.

Akaanza kuuliza, pole pole. Mutoto atalala wapi? Mi nikamuonyesha mukeka, tena upande yenye kupasuka. Nilikuwa naona nafanya vizuri sana. Atakula nini, kama mama hana maziwa? Nikakamata sufuria ya tundu nikaiinua, mwangaza ikapita. Mutafsiri akaanza kukohoa.

“Mama,” anasema na Swahili, pole pole, “huyu haiko wa kupima umasikini.”

“We papa, tafsiri tu.”

Pale pale kuku yangu moja ikaingia. Kuku haina akili ya kuficha, ilitoka kwa pasta ikarudi kwake kutaga. Ikapita katikati yetu, ikaenda ku kona yake, ikakaa. Mi nikaifukuza, nasema mama, kuku ya bantu inasumbua hapa sana. Asistante akaiangalia namna ilikuwa inagombana nami, inataka kurudi ku kona yake. Kisha akauliza kintu yenye hakuna muntu wa kupima amekwisha kuniuliza. Asema: nani anakusaidiaka, agogo, kama umechoka?

Nikajibu vile tunajibuka siku zote. “Hakuna muntu. Niko mi na Mungu.”

Akaangalia binti yangu pale pa mulango, akaangalia mukeka. Akashika mikono yangu yote mbili, akasema mutoto abakie kwanza kule Lilongwe, atatafuta namna. Akaaga, akapiga tena magoti, akaenda. Macho yake ilikuwa na huzuni, na mi ndani ya roho nilikuwa nacheka: tumepita, tutapewa.

Mutafsiri hakumufuata. Akabakia anaangalia viatu vyake.

“Mama, unajua umefanya nini?”

“Si nimejibu?”

“Ile feza haiko ya bamasikini. Ni ya jamaa isiachane. Alikuya kuona kama mutoto ana fasi ya kulala na bantu ba kumubeba. Umemuonyesha hakuna kitanda, hakuna chakula, hakuna muntu. Anaenda kuandika mutoto asirudi.”

Nikakaa chini pale pale na sufuria yangu. Wazia muntu amekwisha kuficha kitanda ya mujukuu kwa mikono yake mwenyewe, na akajisifu. Kisha nikasimama, sijue nguvu ilitoka wapi, nikagonga ukuta ya jirani: toa bintu, toa yote, tumufuate barabarani.

Yule mama wa Fizi ni muntu wa maswali, lakini ile siku hakuuliza. Akaweka matela ku kichwa. Mi nikaweka kitanda, na ile neti inapepea nyuma utazani ni bibi harusi. Bibi wa pasta akatoka na kuku ku kwapa. Mutafsiri, na tai yake, akabeba basani na unga. Tukakamata njia kubwa, tunakimbia namna wazee banakimbiaka, mikono inakimbia kupita magulu. Bantu pa soko banatoka kuangalia. Kijana moja anauliza, munahama? Mama ingine anamujibu, banaenda Canada, ndege yao inabeba mpaka sufuria. Bakacheka wote. Mi sikukuwa na pumzi ya kubajibu.

Mungu abariki minibasi za huku, haziondoki kama hazijajaa. Asistante alikuwa tayari amekaa ndani, pa dirisha. Akatuona tunakuya. Akashuka.

Tukaweka bintu chini mbele yake, pa vumbi, moja moja: kitanda, matela, unga, mabasani, kuku. Nikasema, “Mama, nilikuficha. Hapa tunafichaka, njo tabia yetu. Nyumba yangu njo hii.”

Papa akatafsiri. Asistante akafunika kinywa. Nikazani analia. Kumbe alikuwa anacheka, akacheka mpaka akakaa ku matela yangu pale kando ya barabara, na kondakta anauliza nani atalipia hii mizigo. Kisha akapanguza macho, akatuuliza: agogo akienda soko, nani atabeba mutoto?

“Mi,” anasema mama wa Fizi.

“We na ile mashini yako?” anasema bibi wa pasta. “Siku moja utamushonea mu shati ya bantu. Mutoto ni mi nitabeba.”

“We, wa kusahau mwiko ku moto? Utamusahau ku kanisa.”

“Afazali kumusahau kanisani kuliko kumusahau kwako.”

Mutafsiri akashindwa kufuata, akainua mikono. Asistante akamuambia kintu, na yeye akageukia bale bamama: anauliza, mbona agogo alisema hakuna muntu wa kumusaidia? Bote wakaniangalia.

“Ulisema hatuko?” jirani ananiuliza. Na mpaka leo, nikimuomba chumvi, ananijibu: si ulisema hatuko?

Na hapo njo niligeuka, nikaona. Binti yangu alikuwa nyuma yetu. Hakuna muntu alimuita. Alitoka pa mulango, akapita ile njia yote peke yake, na mu mikono yake alikuwa na bulangeti ya mutoto. Ilianguka njiani, na yeye aliokota.

Asistante naye akamuona. Akasimama, akamuendea, akauliza neno moja tu. Unamutaka?

Binti yangu akakunja bulangeti, akaikunjua. Gari inapita, vumbi inapita. Mi nilikuwa naomba Mungu amupatie jibu ya muzuri, ile ya kupendeza Leta. Akasema: “Ninamuogopa.”

Nikasema sasa imeisha, amesema kintu yenye haisemwaki. Lakini asistante hakushituka. Akakubali na kichwa, sawa muntu ameambiwa leo kuko jua. Akasema, na mutafsiri akatafsiri pole pole: “Njo sababu niko. Nitakuya kila juma. Tutakaa naye pamoja mpaka woga ipungue. Hiyo njo kazi serikali inanilipa.”

Nikamuomba papa arudilie. Akarudilia. Nikamuomba tena. Serikali inalipa muntu juu ya woga ya binti yangu? Mi nilijua serikali inalipa maaskari, inalipa barabara, inalipa mwalimu. Nchi yenye si yangu, yenye ina bantu bake bengi benye shida, ilikaa mahali fulani kule Lilongwe, bantu bakubwa na suti zao, bakasema tuweke feza pembeni kusudi mama asiogope mutoto wake. Mi hata leo nikiwaza ile, ngozi inasimama.

Bakanipatia ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda kumuchukua, mi na asistante. Binti yangu alibakia na jirani, hakukuwa tayari. Tukapita Lumbadzi, pa uwanja wa ndege, ndege zinashuka karibu na vichwa vyetu, sikuziangalia. Kule ku nyumba ya batoto, nikaingia, na nikapata woga yangu mwenyewe. Ukuta zimepakwa rangi, sakafu unaweza kulia chakula, kila mutoto na kitanda yake. Na kimya. Batoto bengi vile na kimya! Mujukuu wangu alikuwa amenona, shavu inangaa. Nikawaza nyumba yangu ya udongo, moshi, mashini ya jirani, kuku. Nikamuambia asistante ukweli, ile siku sikuficha kintu: mama, hapa ni pazuri kuliko kwangu. Kweli nimutoe hapa?

Ni mama wa ile nyumba alinijibu, mwenye kumulea, na machozi ilikuwa karibu, juu alimupenda. Akasema: “Agogo, sisi tunabadilishana, wa asubui na wa usiku. Kila asubui huyu mutoto anaangalia sura, anatafuta leo ni nani. Siku hizi haangalii tena.”

Sikuuliza swali ingine. Nikainama, akamuweka ku mugongo yangu, nikafunga kitenge. Akanionyesha namna anapenda kulala na tumbo, namna ya kumupatia biberoni, ile chupa ya maziwa, akaniambia akilia mangaribi ni muzaha tu. Nikamuambia na wewe uko na fasi kwangu, ukuye kumuona. Alikuya, kweli, na keki.

Ile feza yenyewe mi sikuiona na macho. Hakuna siku balinihesabia makwacha mu mukono. Niliona maziwa ya mukebe. Niliona binti yangu anabebwa kuenda kuchukua dawa na anarudishwa. Na niliona huyu mama mwembamba, kila juma, na kabaza yake, anashuka, anapiga magoti, anakaa.

Mwanzoni nilikuwa nauliza, anakuya kufanya nini? Juu hakufundisha, hakugombeza, hakufungua hata kitabu. Anakaa pa mulango pembeni ya binti yangu, na mutoto iko ku mugongo yangu. Juma ingine anaomba nimulaze mutoto ku mukeka, karibu nao. Ingine, binti yangu anagusa mugulu ya mutoto na kidole, anarudisha mukono mbio utazani imeungua. Asistante anaangalia tu. Mutafsiri anasinzia na tai yake. Mi ninapika, ninachungulia, roho inanitoka.

Kisha ikafika siku moja, jua imeinama, maji ya mutoto iko mu basani. Mutoto analia, anataka kuogeshwa, na mi ninakunja mikono ya nguo nimubebe. Asistante akakamata kitenge yangu kwa nyuma.

“Agogo,” anasema, “khalani.” Kaa. Hiyo moja niliisikia bila papa.

Nikakaa. Ni kazi ngumu, wasikudanganye, kukaa na mujukuu analia mbele yako. Nikaangalia yule mama, mikono yake iko mitupu juu ya magoti, hafanyi kintu, na ile kutofanya inamutoa jasho. Nikasema ndani yangu, ona, njo hii serikali inalipia. Nikaweka mikono yangu sawa na zake.

Binti yangu akasimama pale pa mulango. Akangoya. Akakuya mpaka ku basani, akaweka kiwiko mu maji kupima moto, namna mi nilikuwa nafanyaka naye. Akainua mutoto. Mutoto akanyamaza, akamuangalia, akamuangalia tena, akakamata sikio ya mama yake, akaivuta. Binti yangu akamuweka mu maji, akaanza na kichwa, ile nywele mingi, kisha shingo, kisha tumbo. Maji inarukia kila fasi. Mutafsiri akaamuka.

Mutoto akaingiza mukono yote mu kinywa. Binti yangu akaivuta. Mutoto akairudisha.

“Toa mukono, we mukaidi,” anasema binti yangu. “Iko na sabuni. Nimekuambia toa. Unasikiaka wewe?”

Na anaendelea, kila sehemu anaosha anaisemea neno yake, yeye mwenye hakuwa anasema hata karibu.

Asistante akainama kwa mutafsiri, akauliza pole pole, anamuambia nini?

“Anamugombeza,” papa akasema.

Na yule mama wa serikali akafunga macho kidogo, akakubali na kichwa, akabakia vile, anasikiliza.